Kichewa si Kiswahili kilichopinda: tahadhari kwa waendao Lilongwe

MFANYABIASHARA anayejua Kiswahili, akivuka mpaka wa Kasumulu na kuingia Malawi kwa mara ya kwanza, hupata furaha ya haraka. Anasikia "nyumba", "nyama", "mbuzi", "moto" na "mwana", na papo hapo anaamini kwamba lugha ya wenyeji ameshaijua nusu. Furaha hiyo ndiyo inayomponza akifika sokoni Lilongwe.

Mimi nilisomea Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyoko wilaya ya Dowa, kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda. Ilikusudiwa kuchukua watu kama 10,000 hadi 12,000, lakini leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ndani ya kambi Kiswahili kinatosha. Dukani, kanisani na kwenye mpira utaelewana na watu, na wapo waliokaa miaka kumi bila kujua Kichewa zaidi ya "zikomo", yaani asante.

Lakini mambo yamebadilika. Mei 2023 polisi wa Malawi walianza kuwaondoa wakimbizi mijini na kuwarudisha Dzaleka, na wengi waliokuwa na maduka Lilongwe waliyaacha. Anayekwenda huko leo kununua au kuuza hana tena uhakika wa kupokelewa na ndugu wa lugha moja. Atasimama mwenyewe mbele ya Mmalawi na kusema shida yake.

Tuanze na hilo neno "kuuza", maana ndilo kazi yetu. Kwa Kichewa "kuuza" ni kumwambia mtu jambo. Ukitangaza sokoni kwamba unauza samaki kwa neno hilo, wateja watasubiri waambiwe hiyo habari ya samaki! Kuuza kwao ni "kugulitsa", neno lililotokana na "kugula", kununua. Ni kama sisi tungesema "kununulisha". Vilevile "kukonda" si kupungua mwili bali ni kupenda, na "kutenga" ni kuchukua tu.

Hayo huleta kicheko, na kicheko hakimfilisi mtu. Kinachofilisi ni kiambishi kidogo cha "na". Kwetu "ninalipa" ni jambo la sasa hivi, fedha iko mkononi. Kwa Kichewa "na" ni ya wakati uliopita, hivyo "ndinalipira" maana yake ni nililipa, kitambo. Sasa fikiria, msomaji, umechukua mzigo kwa mkopo na mwenye mali anakudai. Wewe kwa moyo safi unamjibu "ndinalipira", ukikusudia kwamba unalipa. Yeye anasikia kwamba unadai ulishamlipa zamani. Hapo jina la utapeli limekuangukia, na mbele ya askari au mzee wa soko maneno yako mwenyewe ndiyo ushahidi.

Jibu lililo sahihi ni "ndikulipira", ninalipa. Kama umeshatoa fedha leo sema "ndalipira", nimelipa. Kama ni kesho, sema "ndilipira mawa". Ya mbele zaidi huchukua "dza", ambayo ni sawa na "ta" yetu. Hata jina la kambi lina somo hilo ndani yake, kwani "leka" ni acha. Wengi hulieleza jina la Dzaleka kuwa ni kauli ya mfungwa anayeapa kwamba hatarudia tena.

"Ku" nayo ina mtego wake. Sisi tukisema "sikujua" tunazungumzia jana. Mmalawi akisema "sindikudziwa" anazungumzia sasa, yaani hajui.

Kuhusu matamshi, irabu ni zile zile tano, hakuna la kuhangaika. Shida iko kwenye "th", "kh" na "ph". Wasomaji wa Kiswahili huona "thandizo", msaada, wakaitamka kama "thelathini". Huona "khumi" wakaitamka kama "kheri". Si hivyo. Ni t, k na p za kawaida zinazotolewa kwa pumzi, kama mtu anayepuliza mshumaa. Wazee wa Mombasa wangali nayo pumzi hiyo wanapotofautisha paa mnyama na paa la nyumba. "Phiri" ni mlima, wala si "firi", na katika wingi pumzi hupotea: "mapiri". Gunia au mfuko ni "thumba", mingi ni "matumba".

Kisha kuna kupanda na kushuka kwa sauti, jambo ambalo Kiswahili hakina. "Mtengo" ni mti na "mtengo" ni bei. Maandishi ni yale yale, sauti ndiyo inayotenganisha. Kitabu hakitakufundisha hili. Kaa kando ya muuzaji nusu saa usikilize.

Ngeli zitakupa raha, kwani "chinthu, zinthu" ni kitu na vitu, na "munthu, anthu" ni mtu na watu. Ila wanyama hawahesabiwi pamoja na watu. Sisi husema mbuzi watatu, wao husema "mbuzi zitatu". Na hesabu yao huishia tano kabla ya kuunganisha, hivyo mbuzi sita ni "mbuzi zisanu ndi imodzi", tano na mmoja. Kwa bahati, bei nyingi sokoni hutajwa kwa tarakimu za Kiingereza.

Jambo ambalo ningemsisitizia mgeni kuliko sarufi yote ni heshima. Mtu mzima haulizwi "uli bwanji?" hata kama yuko peke yake. Aulizwa "muli bwanji?" kama vile wako wengi. Amri nayo huongezewa "ni", mathalani "khalani pansi", kaa chini. Sisi tunaweka "ni" kwa watu wengi tu, ndiyo maana tunaonekana hatuna adabu, na asiye na adabu hapunguziwi bei. Sema "tsitsaniko mtengo", nipunguzie kidogo, halafu nyamaza.

Karonga na Mzuzu, njiani kutoka Kasumulu, utasikia Kingonde na Kitumbuka, ingawa Kichewa kilifanywa lugha ya taifa mwaka 1968 na wengi wanakielewa. Ukipita Mchinji kuingia Zambia, lugha hiyo hiyo inaitwa Chinyanja, na itakufikisha hadi Lusaka.

Kwa tuliorudi na watoto, mtego ule unageuka. Mtoto aliyezaliwa Dzaleka huandika "jana ninapita sokoni", mwalimu anamkata alama na kusema hana akili. Akili anazo, "ndinapita" ya Kichewa ni nilikwenda. Muandikie sentensi mbili sambamba kila jioni, moja ya kule na moja ya hapa, azisome kwa sauti. Wanafunzi wangu wengi huzoea kabla ya muhula kwisha.