YULE WA JUU NA YULE WA CHINI WASIKILIZANE

Ndugu mfanyakazi, ukiwa ndani ya shimo, maisha yako yanashikwa na mtu usiyemwona. Yeye yuko juu kwenye mashini ya kuvuta kamba, wewe uko chini. Mkisikilizana, mnarudi nyumbani wote. Msiposikilizana, ajali inaingia. Rubani wa ndege ana shida hiyohiyo, ila kwake yeye ndiye aliye juu. Leo ndege inayotaka kuteremka Mavivi, kule Beni, husema kwanza na watu wa chini kwa redio. Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Ndege zilikuwa bubu

Wazee wetu walijua kupeleka habari mbali kwa lokole. Lakini ndege za kwanza zilikuwa bubu: rubani akiisha kuruka, hakuna aliyejua habari zake mpaka atue. Tarehe 27 Agosti 1910, huko New York, Mkanada J. A. D. McCurdy alipeleka habari ya kwanza kwa redio kutoka ndege mpaka chini. Hakusema kwa mdomo. Aligonga alama za Morse.

Katika vita ya 1914 mpaka 1918, ndege zilivuta nyuma yao waya mrefu wa antena, wenye kipande cha risasi mwishoni ili usirukeruke. Rubani aliweza kupeleka habari, lakini mara nyingi hakuweza kupokea. Watu wa chini walimjibu kwa kutandaza vitambaa vyeupe juu ya majani. Kufika mwisho wa vita, sauti ya mtu yenyewe ilikuwa imeanza kupita hewani.

Neno la kuomba msaada

Sauti ilileta shida mpya: maneno yalisikika vibaya. Meli zilizoea kuita msaada kwa alama za SOS, lakini herufi S haisikiki vizuri kwa sauti ya redio. Katika miaka ya 1920, Frederick Stanley Mockford, mkubwa wa redio kwenye uwanja wa Croydon karibu na London, alitafuta neno moja litakalofahamika kwa Waingereza na kwa Wafaransa pia. Alichagua « Mayday ». Wanaojua Kifaransa watalitambua: m'aidez, yaani nisaidieni. Mwaka wa 1927 mataifa yalilikubali. Husemwa mara tatu, ili asiwepo wa kudhani ni maneno mengine.

Ajali ya mto Dungu

Tarehe 14 Machi 1939, ndege ya majini iitwayo Corsair, ya kampani Imperial Airways, iliondoka Port Bell, Uganda, kwenda Juba. Ndani yake kulikuwa na chombo cha redio cha kuonyesha njia. Chombo cha namna hiyo kina antena ya duara. Unaizungusha polepole mpaka sauti ya stesheni ya chini ipungue kabisa, hapo unajua stesheni iko upande gani.

Siku ile chombo kilikuwa na kasoro. Ndege ikapotea upande wa magharibi, ikaingia Kongo, na petroli ikakaribia kwisha. Rubani akateremka kwenye mto Dungu, karibu na Faradje. Ndege ikagonga jiwe lililofichwa na maji, tumbo likapasuka. Watu wote walipona. Lakini kazi ya kuitoa ilikuwa ngumu: walipojaribu kuirusha mara ya kwanza, iligonga jiwe tena. Ikabidi kujenga ukuta wa kuzuia maji ili mto ujae. Iliruka tarehe 6 Januari 1940, baada ya miezi karibu kumi. Kasoro ya chombo kimoja kidogo!

Na sisi?

1. Jaribu kengele, redio na taa kabla ya kushuka. Chombo kilichotoka kutengenezwa, kijaribu mara mbili.

2. Ukiita, sema wewe ni nani, uko wapi, kuna jambo gani. Maneno machache, bila haraka.

3. Unayepokea, rudia maneno uliyosikia. Marubani hufanya hivyo kila siku.

4. Hukusikia vizuri? Usikisie. Uliza tena, hata kama kapita anakasirika.

5. Ita mapema. Usingoje mpaka petroli iishe, wala mpaka mwamba uanguke.

Nanyi mama wa nyumbani, fundisheni watoto kusema wazi jina la baba, la mtaa na la njia ya kufika kwenu. Moto ukiwaka au mtu akiugua usiku, msaada utafika upesi kwa mtoto anayejua kusema mahali alipo.

Neno lililosikika vibaya ni sawa na kamba iliyokatika. Wandugu, tusikilizane.