Jicho la Kiazi na Mgawanyiko wa Seli

Viazi mviringo vinavyoshushwa Soko la Soweto jijini Mbeya, vingi vikitoka Umalila na Uporoto, havikuota kutokana na mbegu za ua. Mkulima hufukia kiazi chenye macho. Kiazi ni shina lililonenepa ndani ya udongo, na kila jicho lina machipukizi ambayo seli zake hulala kwa wiki kadhaa baada ya mavuno, kisha huamka na kuanza kujigawa.

Kwanza seli hunakili DNA yake yote, iliyomo katika kromosomu ndani ya kiini. Seli ya kiazi ina kromosomu 48, mbili zaidi ya za binadamu. Kila kromosomu hubaki imeshikamana na nakala yake. Baadaye hujikunja zikawa fupi na nene, utando wa kiini huvunjika, nazo hujipanga katikati ya seli. Nyuzi za protini huzivuta kutoka ncha mbili: nakala moja huku, nyingine kule. Seli ya mnyama humaliza kwa kujibana kiunoni hadi ikatengana. Ya mmea, yenye ukuta mgumu, hujenga ukuta mpya katikati. Huu ndio mgawanyiko uitwao mitosi.

Kwa sababu hiyo shamba zima la aina moja ya viazi ni kama mmea mmoja uliorudiwa maelfu ya mara. Ladha haibadiliki, na hilo ni jema kwa mnunuzi. Hasara yake ni nzito: ugonjwa wa baka jani ukiuweza mmea mmoja, umeiweza yote. Bakteria wa mnyauko nao husafiri ndani ya kiazi cha mbegu hadi shamba jipya, na mitosi haiwaondoi.

Ua la kiazi hufuata njia nyingine, meiosi. Hapa seli hunakili DNA mara moja lakini hujigawa mara mbili, na kabla ya kutengana kromosomu hubadilishana vipande. Chavua na yai hubaki na kromosomu 24 kila kimoja. Vikiungana, 48 zinarudi. Ndani ya tunda dogo la kijani, linalofanana na nyanya mbichi na lenye sumu, hakuna mbegu mbili zenye urithi sawa. Watafiti wa viazi huzipanda mbegu hizo kwa wingi na kutafuta mche unaostahimili ugonjwa. Ukipatikana, huzidishwa kwa viazi vyake, yaani kwa mitosi, usije ukapoteza sifa iliyoufanya uchaguliwe.