Mali Bila Daftari

Sisi wa Visiwani hatuhitaji kufunzwa thamani ya umeme. Tangu 1980 Unguja hupokea umeme wa Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Njia hiyo ilipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani takriban miezi mitatu. Kompyuta ikiachwa inawaka usiku kucha huko Chemba, mkoani Dodoma, hula umeme wa gridi ile ile inayotulisha sisi.

Kipimo kipo. Mwaka 2011 Intel ilianza kuweka kihesabu nishati ndani ya prosesa zake. Mfumo wa Linux unacho kiendeshi, yaani programu ya kuzungumza na chombo, kinachosoma hesabu hiyo. Jouli zikigawanywa kwa sekunde, zapatikana wati. Lakini kioo hakimo katika hesabu hiyo. Mita ya soketi ingali yahitajika. Tena, tangu 2020 Linux imemwachia msimamizi wa mfumo peke yake ruhusa ya kusoma, kwani wadukuzi waweza kuchungulia siri kupitia mabadiliko ya nishati.

Basi mtumishi wa kawaida hawezi. Wakuu wa ofisi hawana budi kuwaagiza wasimamizi wao wapime na kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari.