Nati Iliyogoma na Nyundo ya Ubavuni

Chini ya lori, mambo hukwama kwa namna mbili. Kuna nati iliyoshikwa na kutu, huo ni ugonjwa. Kuna pia viungo vya usukani vinavyong'ang'ania kwa sababu viliundwa ving'ang'anie. Fundi anayezitibu zote kwa dawa moja, yaani bomba refu na hasira, atakata bolti nyingi kabla ya jua kuzama.

Tuanze na kutu. Chuma hupata kutu pale maji na oksijeni vinapokikuta pamoja, na chumvi huharakisha kazi hiyo kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Lori linalopakia chumvi, mbolea au kushinda karibu na bahari linajulikana mara tu ukiinama chini yake. Wapo pia wanaonunua ugonjwa ukiwa tayari umekomaa. Malori mengi ya mtumba yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam yanatoka Japani, na kule kaskazini, Hokkaido hasa, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Juu rangi inang'aa, viti vina nailoni yake. Chini bolti zimevimba kama zimeumuka.

Kuvimba huko si macho yako tu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hivi, na ikishikana na maji huzidi hapo. Sasa fikiria upenyo uliopo kati ya hesi za nati na hesi za bolti: ni sehemu ndogo tu ya milimita. Kutu ikizaliwa humo haina pa kwenda. Inajibana, inaisukuma nati nje na bolti ndani, na kila msimu wa mvua inaongezeka.

Hapo nguvu peke yake ni mshauri mbaya. Hata nati safi, ukiikaza kavu, karibu sehemu moja tu kati ya kumi ya nguvu zako ndiyo huivuta bolti. Zilizobaki zote humezwa na msuguano kwenye hesi na chini ya nati. Kutu ikiingia, msuguano huo unakuwa mkubwa kuliko uwezo wa bolti yenyewe. Mtu wa kilo 70 akilielemea bomba la mita moja anazungusha kwa karibu newtoni-mita 700. Nati za magurudumu ya lori zinastahimili hayo, maana nyingi hukazwa kwa 600 na ushei. Lakini bolti ya milimita 8 hukazwa kwa 25 hivi. Ukiipelekea bomba, utaondoka na kichwa chake ndani ya spana.

Dawa ya kwanza ni brashi ya waya. Watu huidharau, ila mafuta hayapiti kwenye tope lililochanganyika na grisi kavu. Hesi zikishaonekana, ndipo unatia mafuta mepesi. Hayo hupenya kwa tabia ileile iliyoyaingiza maji hapo kwanza: kimiminika chepesi hujivuta chenyewe ndani ya nafasi nyembamba, hata kwenda juu. Magereji mengi hutumia mafuta ya taa au dizeli, na kwa kweli vinafaa, mradi vipewe muda. Wengine hununua WD-40, ambayo ina historia ya ajabu kidogo. Ilitengenezwa mwaka 1953 mjini San Diego, Marekani, na kampuni ndogo iliyoitwa Rocket Chemical Company iliyokuwa ikitafuta kitu cha kufukuza maji. Jaribio la 40 ndilo lililofaulu, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kukinga ngozi ya kombora la Atlas lisipate kutu. Kwa hiyo kufungua nati ni kazi ya pili kwake, na yapo mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa kupenya kutu yanayoishinda.

Mafuta yakitiwa jioni, asubuhi nati hugongwa kichwani mara kadhaa. Mshtuko hupasua kutu, kwa kuwa kutu ni ngumu lakini huvunjika kwa urahisi, wakati chuma kinanepa na kurudi. Kisha spana ya pembe sita, si ile ya pembe kumi na mbili inayokula kona, na kwanza unakaza kidogo. Ndiyo, unakaza. Ukisikia imesogea hata unywele, unarudisha, unatia mafuta, unakaza tena, unarudisha zaidi. Kutu inasagika kuwa unga na mafuta yanaubeba nje.

Moto nao una hesabu yake. Chuma kikiongezwa joto kwa nyuzi 300, tundu la milimita 24 hupanuka karibu milimita 0.09, unene wa unywele mnene. Ni kidogo, lakini kwa kutu hiyo ni tetemeko. Sharti nati ipate moto haraka kabla bolti haijaupata. Na tundu linapanuka kweli, halizibi. Wapo wanaobishana kuhusu hilo hadi leo, ingawa kila seremala wa mikokoteni aliyewahi kuvisha gurudumu pete ya chuma ya moto aliujua ukweli huo.

Tukifika kwenye usukani, moto uzimwe. Mikono ya usukani na vifundo vyake hufuliwa kwa chuma kilichotiwa joto na kupozwa kwa vipimo ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Chuma huanza kuonyesha wekundu hafifu gizani kwenye nyuzi 525 hivi, jambo alilolionyesha mwanasayansi John William Draper mwaka 1847. Ukiuona wekundu huo kwenye mkono wa usukani, ugumu uliolipiwa kiwandani umeshaanza kutoroka. Juu ya hayo, ndani ya tairodi endi, kile kiungo cha mwisho wa fimbo ya usukani, kuna grisi iliyofungiwa. Ikichemka inaweza kupasuka usoni mwa mtu.

Basi ile tairodi endi inakataa kwa nini, hata baada ya nati kulegea? Itazame ikiwa mpya mkononi. Shina lake halina upana mmoja. Linapungua taratibu, mara nyingi milimita moja ya kipenyo kwa kila milimita kumi za urefu, na tundu la mkono wa usukani limechongwa kwa mwinamo uleule. Nati inapokazwa inalivuta shina ndani, na kwa sababu mwinamo ni mdogo sana, kuta zinabanana kwa nguvu iliyo mara kadhaa ya ile ya nati. Mwinamo ukiwa mdogo kuliko msuguano, shina halirudi nyuma lenyewe hata nati ikiondolewa kabisa. Mashine za kutobolea chuma hushika keekee zao kwa ujanja huohuo, na madaktari wa mifupa pia: tufe la nyonga ya bandia hukaa juu ya shina lake kwa koni ya aina hii, likigongwa mara moja likashika.

Kwa hiyo fundi mzuri haligongi shina kwa chini. Akifanya hivyo atazivuruga hesi zake, na koni itabaki ilipo. Analegeza nati na kuiacha ishike hesi tatu nne ili kiungo kisimwangukie. Kisha anamwita msaidizi.

"Bwana mdogo, kamata hiyo nyundo kubwa, iegemeze hapa nyuma ya tundu. Usiishike kwa woga."

"Hapa, mzee?"

"Hapo hapo. Usitoe mkono."

Anapiga upande wa pili, ubavuni mwa tundu, kwa nyundo ya kilo mbili. Tundu linabonyea kidogo sana na kuwa kama yai kwa muda usiopimika kwa jicho, mbano unapotea upande mmoja, na nguvu iliyokuwa imehifadhiwa kwenye chuma inalitema shina. Mara nyingi pigo la tatu au la nne linatosha. Ile uma ya chuma inayopigwa katikati kama kabari hufanya kazi pia, lakini inachana mpira wa vumbi. Iwekwe kwa kiungo ambacho hata hivyo kinatupwa.

Pitmani amu ni habari nyingine. Imeshika shafti ya boksi la usukani kwa meno mengi yaliyochongwa, na humo ndani kuna beringi na gia ambazo hazipendi nyundo hata kidogo. Hapo ni pula, kile chuma chenye makucha na bolti katikati. Unaikaza mpaka ilie, ndipo unagonga ubavu wa amu taratibu. Kabla ya yote, weka alama ya patasi kwenye shafti na kwenye amu. Ukirudisha jino moja pembeni, usukani hautakaa sawa.

Na bomba la tairodi lina mtego wake: upande mmoja hesi ni za kulia, upande wa pili za kushoto, ili ukilizungusha magurudumu yasogeleane au yaachane. Asiyejua hutoa jasho akikaza anachodhani anafungua. Hesabu mizunguko wakati wa kutoa, urudishe ileile, kisha pima, la sivyo tairi za mbele zitaisha upande mmoja.

Wakati wa kufunga, grisi ikae mbali na koni. Shina na tundu vipanguswe vikauke, maana kushikana ndiyo kazi yao. Nati ikazwe kwa kipimo, kota pini iwe mpya, na kama tundu lake halijakutana na mfereji wa nati, nati isogezwe mbele mpaka likutane. Hairudishwi nyuma.