Sadfa na Sadaka

Pana kona moja katika Mji Mkongwe wa Unguja iitwayo Jaws. Jina hilo si la Kiswahili wala si la ukoo wowote wa hapa petu. Ni jina la filamu ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1975, yenye habari za papa mla watu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, miaka mingi kabla ya ndugu zetu wa Bara, na watu walikuwa na desturi ya kukusanyika mahali pamoja kutazama. Filamu ilipita, jina likabaki. Leo kona hiyo ni baraza la kahawa, dhumna na siasa, na aghalabu ni katika baraza kama hilo habari za msiba hufika kabla ya kwingine kote: nani amefariki, maiti atazikwa saa ngapi, nani hana cha kununulia sanda. Basi mahali palipopewa jina la mnyama alaye watu pamekuwa mahali ambapo watu huulizana hali na kusaidiana. Aliyepatia jina hilo hakukusudia hivyo. Ni sadfa tu.

Wapo wasemao kwamba mambo ya nyimbo, filamu na starehe si mambo ya kuandikwa katika ukurasa kama huu, ambao wakubwa wa Serikali huusoma wakitafuta habari za karafuu, bandari na maji. Sisi hatuafikiani nao. Mara nyingi jambo kubwa limeingia visiwani kwa mlango wa starehe, na mara nyingi starehe ndiyo iliyofungua mikono ya watu pale hotuba ziliposhindwa.

Tutazame usiku wa tarehe 28 Januari 1985. Katika studio moja ya Hollywood walikutana waimbaji mashuhuri zaidi wa Marekani, baada ya sherehe ya tuzo za muziki iliyofanyika jioni hiyo hiyo. Walikuja kurekodi wimbo uliotungwa na Michael Jackson na Lionel Richie ili kuchangia waliokuwa wakifa kwa njaa Ethiopia. Kazi iliendelea hadi alfajiri. Katikati ya kazi hiyo Stevie Wonder akatoa shauri kwamba uwekwe mstari wa Kiswahili. Pakazuka ubishi. Wengine walipenda, wengine waliona taabu kutamka maneno wasiyoyajua, na Waylon Jennings, mwimbaji wa nyimbo za mashambani kwao, akatoka studioni. Hatimaye mtu akakumbusha jambo ambalo mtoto wa skuli wa Chake Chake angeweza kulisema pasipo kufungua kitabu: watu wa Ethiopia hawasemi Kiswahili. Wana Kiamhara, wana Kitigrinya, wana Kioromo, na nyingine nyingi. Shauri likaachwa.

Hatumcheki Stevie Wonder. Nia yake ilikuwa njema kuliko ya wengi, kwani alitaka kumwambia mwenye njaa neno la Kiafrika. Isitoshe, kwa Mmarekani mweusi wa zama zile Kiswahili kilikuwa lugha ya heshima ya Afrika nzima, na hilo ni sifa kwetu sisi tunaokisema pasipo kukithamini. Lakini kisa hiki chatuonyesha ugonjwa wa msaada wa kila namna, mkubwa kwa mdogo. Mtoaji huwa na haraka ya kutoa, na katika haraka yake husahau kuuliza: huyu ninayempa ni nani, na aseme nini nimwelewe?

Gharama ya kutouliza haikuwa ndogo. Njaa ile haikuletwa na ukame peke yake. Palikuwa na vita, na palikuwa na Serikali ya Mengistu iliyokuwa ikiwahamisha watu kwa nguvu kutoka kaskazini kwenda kusini. Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa walipopaza sauti kwamba msaada watumika kuwavuta watu katika uhamisho huo, walifukuzwa nchini Desemba mwaka huo huo wa 1985. Nafaka iliokoa roho nyingi, hilo hapana shaka. Lakini nafaka hiyo hiyo ilipita katika mikono iliyokuwa na shabaha nyingine.

Ajabu yenyewe ni hii. Miezi mitano na nusu baada ya usiku ule wa Hollywood, tarehe 13 Julai 1985, lilifanyika tamasha la Live Aid katika viwanja viwili, Wembley mjini London na Philadelphia nchini Marekani, kwa ajili ya njaa ile ile. Watu kama 72,000 walikuwamo Wembley. Kundi la Queen lilipewa dakika 20 hivi, na hadi leo wajuao muziki huo huzitaja dakika hizo kuwa miongoni mwa bora kabisa zilizopata kuonekana jukwaani. Mwimbaji wake alizaliwa hapa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, na jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury. Kumbe Kiswahili kilipokataliwa studioni mwezi wa Januari, mwana wa mji wa Waswahili alikuja kusimama mwezi wa Julai mbele ya Wembley nzima kwa ajili ya sadaka ile ile, na wengi waliomshangilia hawakujua alikotoka.

Ukoo wenyewe una safari yake. Bulsara maana yake ni mtu wa Bulsar, mji wa Gujarat ambao leo huitwa Valsad. Walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroaster, na baba alikuwa mtunza fedha katika ofisi ya Serikali ya kikoloni. Kijana alipokuwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa skuli ya bweni huko Panchgani, katika milima iliyo kusini ya Bombay. Huko alijifunza piano na kuanzisha kundi lake la kwanza. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Uingereza.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo nasi. Mwaka 1928, miaka 18 kabla ya kuzaliwa mtoto huyo, mwanamke wa Kizanzibari alipanda meli kwenda Bombay. Alikuwa Siti binti Saad wa Fumba, ambaye ujanani mwake alikuwa akitembeza vyungu mjini. Alikwenda na wenzake, miongoni mwao kipofu mmoja, Mbaruk Effandi Talsam, kuziweka nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri. Mmoja alikwenda pwani ile kupeleka sauti iliyokwisha komaa, na mwingine akaja kwenda kuitafuta yake. Kusi na kaskazi zilizowabeba wafanyabiashara wa nguo na karafuu kwa karne nyingi zilikuwa pia zikibeba muziki, pasipo mtu yeyote wa forodha kuuandikia ushuru.

Na Siti hakuimba mapenzi tu. Mojawapo ya nyimbo zake zijulikanazo sana ilihusu mwanamke mgeni aliyeuawa hapa Unguja na mtu aitwaye Kijiti. Muuaji alitoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu na waliokwenda kutoa ushahidi. Hapakuwa na gazeti la kuwatetea watu wa namna hiyo, na kama lingekuwapo wengi wao hawakujua kusoma. Wimbo ndio ulioandika hukumu ya pili, hukumu ya watu. Watu waliposhindwa kusema mbele ya hakimu, walicheza santuri nyumbani, wakafahamiana. Nasi tunauhesabu huo kuwa msaada, tena wa namna ambayo Serikali ya zama zile haikuweza kuuzuia.

Turudi kwa yule mwingine. Freddie Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Aliutangazia ulimwengu kwamba ana maradhi hayo siku moja tu kabla ya kufa. Wenzake walifanya tamasha la kumkumbuka mwezi wa Aprili 1992, na kutoka hapo ukaundwa mfuko wa hisani unaogharimia kazi ya kupambana na UKIMWI katika nchi mbalimbali. Hapa kwetu jina lake limekuwa na ugomvi. Mwaka 2006 sherehe iliyotaka kufanywa kukumbuka miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilipingwa kwa hoja za dini, na haikufanyika. Mwaka 2019 jumba la makumbusho yake likafunguliwa Shangani, na watalii wanalipa kuingia. Hatutaki kuurudia ugomvi huo. Kila upande una watu wake wenye heshima. Lakini hatuwezi kunyamaza kuhusu jambo moja. Jina ambalo twaliuza kwa wageni ni la mtu aliyeficha maradhi yake hadi siku ya mwisho, na mitaani mwetu, hatua chache kutoka jumba hilo, wako watu wanaoyaficha maradhi yale yale kwa kuogopa ulimi wa jirani.

Maambukizo Zanzibar ni chini ya mtu mmoja katika kila 100, na kwa hilo twamshukuru Mungu na twawashukuru wauguzi. Ila uchache huo una hatari yake, kwani wachache husahaulika upesi. Tangu mwaka 2004 nchi yetu ilipoanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi, sehemu kubwa ya gharama imebebwa na fedha za nje, za Marekani zikiwa mbele. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na tarehe 1 Julai 2025 Shirika lake la Maendeleo, USAID, likafungwa rasmi. Siku 12 baadaye, tarehe 13 Julai, watu wa Uingereza walikuwa wakiadhimisha miaka 40 ya Live Aid. Sadfa ya namna hii hata mtunzi wa riwaya angeogopa kuiandika.

Mtu anayemeza kidonge kila siku hana haja ya maadhimisho. Ana haja ya kujua kama mwezi ujao kidonge kitakuwapo. Twauliza basi, kwa adabu lakini waziwazi: endapo mfadhili ataondoka kabisa, nani Unguja na Pemba atakayebeba mzigo, na kwa fedha ipi?

Tukisema hivyo tusidhaniwe kwamba twawaona watu wa visiwa hivi kuwa ombaomba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipinduka karibu na Nungwi ikiwa safarini kwenda Pemba, imepakia watu na mizigo kupita kiasi. Watu zaidi ya 600 waliokolewa. Wengine walielea juu ya magodoro yaliyokuwa mizigo ya biashara. Wavuvi na wenye vyombo vya kuwachukua wageni kuzamia hawakungoja waraka kutoka ofisi yoyote. Walitia vyombo baharini. Hapakuwa na bendi, wala mstari wa kubishania uimbwe kwa lugha gani. Waliokuwa majini walilia kwa Kiswahili na waliokuja walijibu kwa Kiswahili. Lakini waliokufa walikuwa wengi mno, na walikufa kwa sababu ya kazi ambayo mvuvi hana uwezo nayo, kazi ya kuhesabu abiria kabla chombo hakijang'oa nanga. Ukarimu wa mwananchi haumwondolei mkubwa wajibu wake.

Na upo msaada mwingine mdogo ambao tunaona haya kuutaja, kwa jinsi ulivyo mdogo. Mwaka 2002 kilianzishwa hapa mjini Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kufundisha udi, kanuni, fidla, ngoma na taarabu. Vijana wa kike na wa kiume ambao wazazi wao hawangeweza kununua hata waya wa udi wamejifunza hapo. Mwaka 2019, mwaka ule ule lilipofunguliwa jumba la Shangani, chuo hicho kilitangaza kwamba fedha za wafadhili zinakwisha na kwamba kinaweza kufungwa. Mgeni akishuka bandarini anaonyeshwa nyumba ya mwimbaji aliyeondoka, naye hulipa kwa furaha. Akiuliza mwimbaji ajaye anafundishwa wapi, tunageuza mazungumzo.

Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alishangiliwa Ulaya na kupewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, ilhali nyumbani kwake alikuwa mwanamke wa maisha ya kawaida kabisa. Wakubwa wengi walimjua na walipenda kupigwa picha naye.

Baraza la Wawakilishi hukaa kuzungumza bajeti kabla ya mwisho wa Juni kila mwaka. Watalii hulipa kodi na ada kadha wa kadha, na wasemaji wa Serikali hutusomea idadi yao kwa fahari. Twaomba fungu dogo la mapato hayo litajwe kwa jina lake katika kitabu cha bajeti, sehemu yake iende kwa dawa za wagonjwa waliokuwa wakitegemea mfadhili aliyeondoka, na sehemu yake iende kwa walimu wa muziki. Kiasi gani, Waziri anayehusika ajuaye hesabu atueleze. Sisi tutakichapa katika ukurasa huu huu, kwa tarakimu, ili wazee wa kona ya Jaws wapate kukijadili.