Gaa wa Mto Trinity, Samaki Apandaye Kuhema

Kiangazi kikikaza na maji ya mto Trinity kupungua kusini mwa Dallas, Texas, tazama vidimbwi vilivyotulia. Pua ndefu huchomoza, mdomo hufunguka, husikika mkoromo mfupi, kisha kimya. Wengi hudhani ni mamba mdogo. Ni samaki: gaa, Atractosteus spatula.

Kibofu chake cha hewa kimeungana na koo na kujaa mishipa ya damu, kikifanya kazi ya mapafu, kama kamongo wetu wa Ziwa Victoria. Maji yenye joto hayana oksijeni ya kutosha. Samaki wengine wakitweta, gaa hupanda, hugugumia hewa, hushuka.

Mdomo wake ni mfupa mtupu, ndoano haipati pa kushika. Basi wavuvi wa nzi bandia huchukua kipande cha kamba ya nailoni, hukichambua nyuzi mpaka kifanane na samaki mdogo, wala hawafungi ndoano. Gaa akiuma, meno hunasa humo. Ukivuta kwa pupa, umemkosa. Mwache atafune kwanza. Kazi yenyewe huja ukishampata: glavu nene, koleo, na kunasua uzi mmoja mmoja. Nyuzi zikibaki humfunga taya, naye hufa njaa. Asiye na subira hiyo asiirushe kamba kabisa.

Nakereka watu wanapomwita samaki taka. Miaka ya 1930, Texas iliunda boti ya umeme ya kuwaua, eti wanamaliza samaki wazuri. Gaa huishi zaidi ya miaka 50, jike huchelewa kupevuka, na huzaa vizuri mafuriko yanapofunika nyasi za kando, jambo lisilotokea kila mwaka. Ukiua mmoja mkubwa, pengo lake halizibwi upesi. Tangu 2009 mvuvi wa Trinity haruhusiwi zaidi ya mmoja kwa siku. Tangu 2019, kutoka Dallas hadi karibu na pale mto unapoingia ghubani, wa zaidi ya sentimita 122 hachukuliwi bila kibali kinachotolewa kwa bahati nasibu.

Matumizi? Nyama huliwa, magamba yalikuwa ncha za mishale, siku hizi vito. Mayai ni sumu.

Katika ukame, sehemu kubwa ya maji ya Trinity ni majitaka ya Dallas yaliyosafishwa, yakishuka hadi Ziwa Livingston, linalowanywesha wakazi wa Houston. Basi wewe uishiye kando ya mto huu, usiache mabaki ya mshipi majini, na gaa ukimnasa, mrudishe akiwa hai.