Dola, faranga na faranga: faida ya nyanya inakopotelea Petite Barrière

RUBAVU. Mama anayevuka Petite Barrière alfajiri na beseni la nyanya kichwani hubeba mzigo mwingine usioonekana kwa afisa wa forodha. Amenunua nyanya kwa faranga za Rwanda. Atauza Goma kwa faranga za Kongo. Mwenye nyumba anayompangisha chumba cha kuhifadhia bidhaa upande wa pili anataka dola. Sarafu tatu, safari moja, na kila anapotoka katika sarafu moja kuingia nyingine, kuna mtu amesimama hapo kuchukua kidogo.

Gisenyi na Goma ni mji mmoja uliokatwa na mstari. Watu wanaoana, wanazikana, wanakopeshana unga. Lakini ukivuka mita chache, fedha inabadilika tabia. Rubavu bei ya viazi, ya kodi na ya nauli inatajwa kwa faranga za Rwanda, na sheria hairuhusu mfanyabiashara kutangaza bei kwa fedha za kigeni bila idhini ya Benki Kuu. Goma pikipiki, nyumba, kiwanja na ada ya shule hutajwa kwa dola, huku mboga, mkaa na nauli ya bodaboda zikilipwa kwa faranga za Kongo. Noti kubwa ya Kongo ni ya 20,000, nayo thamani yake haifiki dola kumi. Anayelipa kodi ya miezi sita kwa noti hizo anahitaji mfuko.

Wachumi huita hali hii sarafu ya kigeni kushika nafasi ya sarafu ya nchi. Wengi hudhani ilianza pale serikali zilipolegeza sheria za fedha. Kwa Kongo mambo yalienda kinyume.

Mwishoni mwa 1992 serikali ya Mobutu ilichapisha noti ya zaire milioni tano. Wanajeshi walipolipwa kwa noti hiyo Januari 1993, wafanyabiashara wa Kinshasa waliikataa, askari wakaingia mitaani kupora, na balozi wa Ufaransa akauawa katika ghasia hizo. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa kila milioni tatu za zamani. Kasai waliikataa, wakaendelea kutumia zile kuukuu. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 24,000. Mwenye duka aliyefunga jioni akiwa na fedha ya kujaza rafu alifungua asubuhi akiwa na fedha ya nusu rafu. Dola haikuhitaji mtu wa kuitangaza.

Faranga ya Kongo ilizaliwa Juni 30, 1998, ikibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Miezi michache baadaye, Januari 1999, serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilipiga marufuku miamala ya dola ndani ya nchi. Dola hazikuondoka, zilijificha. Kiwango rasmi kikawa cha kwenye karatasi na kile cha mtaani kikawa ndicho cha kweli. Mwaka 2001 Joseph Kabila aliifuta marufuku, akaruhusu akaunti za fedha za kigeni na kuacha soko lipange kiwango. Dola zikatoka chini ya magodoro na kuingia benki. Hadi leo sehemu kubwa mno ya amana katika benki za Kongo, zaidi ya asilimia 80, iko katika fedha za kigeni.

Kwa hiyo kulegeza sheria kulihalalisha kitu ambacho hofu ilikuwa imekwisha kukifanya. Uganda iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha mwaka 1990, Rwanda ikalegeza soko lake mwaka 1995, na hakuna muuza ndizi wa Kampala au Musanze anayekuuzia kwa dola. Tofauti ni kwamba huko shilingi na faranga hazikumfia mtu mkononi kwa usiku mmoja. Si kwamba faranga ya Rwanda haishuki: mwaka 2023 ilipoteza karibu asilimia 18 dhidi ya dola, na waliokuwa na madeni ya dola walilia. Ila bado watu wanaiamini kwa mshahara, kwa akiba na kwa mahari.

Turudi kwa mama wa nyanya, maana hapa ndipo mtaji unapopotea. Tuchukue hesabu ya mfano. Ametumia faranga za Rwanda 65,000 kwa bidhaa, wabebaji na nauli. Ameuza kwa faranga za Kongo 140,000. Ikiwa mvunja fedha anadai faranga za Kongo 2 kwa kila moja ya Rwanda, anarudi na 70,000, amepata 5,000. Kiwango kikiwa 2.1, anarudi na 66,667 na faida yake ni 1,667 tu. Kikifika 2.2 anarudi na 63,636, na amefanya kazi ya siku nzima ili apoteze 1,364. Hakupunjwa kwenye mizani wala nyanya hazikuoza. Ni hiyo desimali tu.

Sasa ongeza mkopo. Wanunuzi wengi wa Goma huchukua mzigo leo na kulipa wiki ijayo. Deni likiandikwa kwa faranga za Kongo, hatari yote ya kiwango iko kwa aliyekopesha. Likiandikwa kwa faranga za Rwanda au kwa dola, hatari imehamia kwa mnunuzi, naye atataka bei ipungue kidogo. Hakuna njia ya bure, lakini walau jambo hilo lizungumzwe kabla beseni halijashuka kichwani. Nimeona madaftari mengi ya madeni yenye tarakimu bila jina la sarafu. Hapo ndipo ugomvi huanzia.

Na dola yenyewe ina masharti yake. Kongo noti iliyochanika hata kwa ukucha hukataliwa, na noti ya dola moja wengi hawaitaki kabisa. Mimi mwenyewe nilipewa chenji ya noti ya dola 20 yenye mpasuko mdogo pembeni, na nikatembea nayo siku mbili kabla ya kupata aliyeichukua, kwa punguzo. Fedha inayoaminika kuliko zote ndiyo hiyohiyo inayokataliwa kwa milimita tatu.

Wala si kweli kwamba dola hupanda siku zote. Katika nusu ya pili ya 2025 faranga ya Kongo iliimarika ghafla, kutoka zaidi ya 2,800 kwa dola hadi chini ya 2,500. Aliyeweka akiba ya dola akazivunja wiki hiyo alipata faranga chache kuliko alizotegemea, wakati bei za sokoni hazikushuka kwa kasi ileile.

Goma ilikuwa na mzigo wa ziada. Baada ya M23 kuuchukua mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. Wenye akaunti walivuka kuja Gisenyi kutafuta huduma za benki, na mawakala wa pesa za simu wakatoza makato makubwa kugeuza salio kuwa noti. Aprili 2025 watawala wapya wa mji walifungua upya CADECO, benki ya akiba ya serikali, lakini hilo halikurudisha noti mpya kutoka Kinshasa. Noti zilizobaki ziliendelea kuzunguka na kuchakaa. Kwa muuza mboga anayeshika noti ndogondogo kutwa nzima, noti iliyochakaa ni hasara nyingine isiyoandikwa popote.

Kuna wanaosema dawa ni amri. Tanzania Machi 2025 ilitoa kanuni zinazokataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Inaweza kufaa Dar es Salaam, ambako shilingi haijawahi kukataliwa sokoni. Kwa Goma, naona 1999 imeshajibu.

Rubavu, wavunja fedha wasio na leseni wako nje ya sheria, na anayebadilisha kwao hana risiti wala pa kulalamika akipewa noti bandia. Hata hivyo wanapendwa, kwa sababu wako pale pale njiani na hawachoki na noti za 500. Duka lenye leseni likitaka wateja hawa, litalazimika kusogea karibu na kufungua mapema, na kutangaza kwenye ubao kiwango cha faranga kwa faranga. Mama wa nyanya haulizi bei ya dola.

Itifaki ya sarafu moja ya Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala Novemba 2013, ikilenga 2024. Sasa inatajwa 2031. Kongo ilijiunga na jumuiya mwaka 2022. Hapa Gisenyi, tangu 1976, kuna makao makuu ya CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu. Chini kidogo, mpakani, wanawake wanaorudi jioni na mabeseni matupu husimama kwanza kwa mvunja fedha mmoja, wakauliza, wakasogea kwa wa pili, wakauliza tena, kabla ya kufungua fundo la kitenge.